Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani? Namna ya Kuiandaa Shule Kabla ya Maafa

Saa nane usiku, muhula wangu wa kwanza nikiwa mkuu wa shule, nilichukua tochi nikaenda kumgongea matroni. Nilimwomba anifungulie mlango wa nyuma wa bweni la wasichana. Hapakuwa na moto. Jioni yake nilipita pale nikaliona kufuli kwenye mlango ule, na usiku usingizi ukanikataa.

Matroni alitoka na khanga begani, mkononi ana funguo 23 zimetungwa kwenye waya mmoja. Akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tano. Hakuna hata mmoja uliokuwa na alama. Tulipoupata wenyewe, kufuli lilikuwa limeshika kutu, halikugeuka, kwa sababu mlango ule ulifunguliwa mara ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba. Mzee wetu wa lindo akaja na nyundo akalivunja. Nikatazama saa ya simu: dakika 4 na ushee. Ndani walikuwa wamelala wasichana 86 kwenye vitanda vya deka, magodoro ya sponji, mabegi ya bati chini ya vitanda. Godoro la sponji likishika moto, moshi wake mweusi wenye sumu hulijaza bweni kabla hata dakika hizo hazijaisha.

"Madamu, kuna nini?" aliuliza mmoja aliyeamshwa na nyundo.

"Lala mwanangu, hakuna kitu."

Mimi sikulala.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiiandaa shule yangu kidogo kidogo, na nimekaa na wakuu wenzangu wengi kuwauliza wao wanafanyaje. Nayaandika haya kwa wakuu wa sekondari na walimu wakuu wa msingi, hasa walio mbali na mjini kama mimi huku Kagera, ambako gari la zimamoto likiitwa linaweza kutumia saa nzima na zaidi njiani. Kwa shule za namna hii, uokoaji wote wa dakika za mwanzo hufanywa na watu waliolala pale pale shuleni: matroni, patroni, mlinzi, mwalimu wa zamu, viranja. Hao ndio wa kuandaliwa.

Tunayoyasema vikaoni

Katika kikao kimoja cha wakuu wa shule wilayani, mada ya maafa iliwekwa mwisho kabisa, baada ya matokeo ya kidato cha nne, watu wameshaanza kukusanya makabrasha. Nilisimama nikauliza swali moja: nani anajua, bila kumpigia mtu simu, ufunguo wa mlango wa dharura wa bweni lake uko wapi sasa hivi? Tulikuwa zaidi ya 30. Mikono iliyoinuliwa haikufika mitano.

Baada ya hapo watu walifunguka. Wa kwanza alisema hana fungu, kwamba ruzuku ikija inakwenda kwenye chaki, karatasi za mitihani na ulinzi. Mwingine akasema akiondoa nondo madirishani wezi watabeba magodoro, na wavulana wa kijijini watapata njia. Mama mmoja aliyekaa kwenye uongozi miaka mingi kuliko sisi wote alisema mazoezi ya dharura yanawatia watoto hofu na kuwapa watundu wazo la kupiga kengele ovyo. Kijana mmoja, ndiyo kwanza ameteuliwa, akasema anasubiri mwongozo kutoka juu.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kisingizio cha mtu mvivu. Fedha kweli ni haba, wezi kweli wapo, na kesi ya binti kupata mimba humwangukia mkuu wa shule kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini niliondoka kikaoni nikiwa nimeona kitu: mkuu wa shule anaogopa wizi na utoro kwa sababu huvikuta kila wiki. Moto unaweza usimfikie maisha yake yote. Kwa hiyo anafunga mlango kumzuia adui anayemjua.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa. Septemba 2020 bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa liliungua usiku, na watoto wasiopungua 10 wakafa. Kabla ya hapo kulikuwa na Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12. Na Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40. Jirani zetu wa Kenya waliwazika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, mlango mmoja wa bweni ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2024 yakawa ya Nyeri, wavulana 21. Mzazi anapomleta mtoto bweni anaamini tumejifunza kitu katika haya yote.

Anza na mlango na dirisha, na uanze leo

Kazi hii haihitaji bajeti. Leo jioni, kabla ya rokoo ya kuwahesabu wanafunzi, zunguka majengo yote na matroni, patroni na kiranja wa bweni. Mwambie kiranja afungue kila mlango kwa mkono wake. Ukute mlango umezibwa na kitanda, ndoo au magunia ya mahindi, usimtume mtu. Simama hapo hapo mpaka uondolewe. Kila bweni linatakiwa liwe na milango 2 walau, kila upande mmoja, na yote ifunguke kwa kusukuma kwenda nje. Watoto 80 wakikimbilia mlango unaofunguka kwa kuvutwa ndani, wa mbele hawataweza kuuvuta, kwa sababu wa nyuma wanawasukuma. Fundi seremala anageuza bawaba za mlango kwa nusu siku.

Kisha kufuli. Bweni lenye watoto ndani halifungwi kufuli kwa nje, iwe usiku, iwe wakati wa kupumzika mchana. Linafungwa kwa komeo la ndani ambalo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kulisukuma gizani. Nikisema hivi, wakuu wenzangu huuliza: na wakitoroka? Jibu langu ni kwamba utoro hudhibitiwa na mtu. Mlinzi mmoja nilimtoa getini nikamweka kati ya mabweni mawili, na matroni nikamhamishia chumba cha mwisho cha bweni lenyewe badala ya ile nyumba ya ng'ambo ya uwanja. Utoro haukuongezeka. Ulipungua, maana sasa kulikuwa na macho.

Nondo za madirishani zilinichukua muda mrefu zaidi, na ninaelewa kwa nini watu huziacha. Wazazi kwenye bodi ya shule walikataa katakata kuziondoa. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, binti yangu kwanza alindwe dhidi ya watu, moto Mungu atauzuia." Sikubishana naye. Nilimwita fundi wa kuchomelea wa pale senta, nikamwomba akate nondo za dirisha moja tu, azitie kwenye fremu yake, kisha afunge bawaba upande mmoja na pini ya kuchomoa upande wa ndani. Kwa nje unaona nondo zile zile, imara, hazifunguki. Kwa ndani unachomoa pini, unasukuma, dirisha zima linaachia kama mlango. Bodi ilipokutana tena niliwapeleka bwenini nikamwita msichana mdogo kuliko wote wa kidato cha kwanza, nikamwambia achomoe. Alichomoa, akasukuma, akaruka nje, akarudi kwa mlangoni akicheka. Yule mzee ndiye aliyesema kwanza kwamba madirisha yote yafanywe hivyo, na wazazi wakachangia. Tulitengeneza mawili mawili kila bweni kwa mwezi, tukianza na yale yaliyo mbali na milango.

Hapa kuna jambo fundi hatakuambia: pini hukaza kwa kutu na rangi. Kila Jumamosi ya usafi, wanafunzi wa kitanda kilicho karibu na dirisha hilo huichomoa na kuirudisha, na mara moja kwa muhula huipaka grisi. Na kitanda chenyewe kisikae kikazuia dirisha. Kenya, katika mwongozo wao wa usalama wa shule wa mwaka 2008, waliweka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda na njia ya mita 2 katikati. Shule nyingi zetu zimejaa mno kufikia hapo, na sitakudanganya kwamba yangu imefika. Lakini njia ya katikati nimeilinda, haipungui upana wa watoto wawili wanaokimbia sambamba, na hakuna begi linaloruhusiwa kulala hapo.

Kuhusu funguo: kila mlango wa shule una funguo mbili. Mmoja anao mwenye zamu, wa pili unaning'inia kwenye ubao ofisi ya mlinzi, kila msumari umeandikwa jina la jengo kwa rangi. Mlango wa maabara, stoo ya gesi, jiko, chumba chenye mein swichi, yote. Zile funguo 23 za kwenye waya nilizitawanya siku ile ile.

Hesabu ya watoto

Zoezi letu la kwanza la usiku lilitufundisha kitu ambacho hakuna semina iliyokuwa imenifundisha. Kengele ililia, mabinti wakatoka wakakaa chini uwanjani kwa mistari, kiranja akahesabu: 84. Daftari linasema 86. Tukahesabu tena, 84. Kwa robo saa nzima watu wazima wanne tulizunguka na tochi, na kama ungekuwa moto wa kweli mmoja wetu angerudi ndani kutafuta. Mmoja tulimkuta chooni, anaogopa kutoka. Wa pili alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani mchana kwa msiba, ruhusa kaandikiwa na mwalimu wa zamu kwenye kikaratasi, matroni hana habari.

Watu wengi huamini hatari ya kutokuwa na hesabu ni kwamba mtoto atasahaulika. Hiyo ipo. Lakini ipo na ya pili, kwamba mtu mzima ataingia kwenye moshi kumtafuta mtoto ambaye yuko salama kwao.

Tulichofanya ni kurahisisha. Kila bweni lina ubao mdogo mweusi nje ya mlango, umeandikwa kwa chaki: jumla, walioko ndani, wagonjwa, wenye ruhusa. Kiranja anaujaza baada ya rokoo ya jioni mbele ya matroni, na matroni anaandika namba hizo hizo kwenye daftari linalolala kwa mlinzi getini, nje ya majengo. Daftari la mahudhurio likiungua na bweni halina msaada kwa mtu. Mchana, mwalimu aliye darasani anatoka na daftari la darasa lake mkononi. Akiacha mkoba wake, aache, daftari asiache.

Uwanjani kila chumba kina mahali pake pa kusimama, pamewekewa jiwe lililopakwa chokaa na namba ya chumba. Watoto wanakaa chini kwa safu, kila mmoja na mwenzake wa kitanda cha juu au cha chini. Mtoto mwenyewe ndiye wa kwanza kujua kama mwenzake hayupo. Chagua mahali palipo mbali na majengo, nyaya za umeme na miti mikubwa, na pasiwe kwenye njia ya kuingilia gari la zimamoto.

Na usisubiri zoezi ndipo uwakumbuke wasioweza kukimbia. Nilikuwa na binti wa kidato cha pili anayetembea kwa magongo. Kitanda chake kilikuwa cha kona ya ndani kabisa, kwa sababu kona ndiyo yenye utulivu wa kusoma. Tulikihamishia karibu na mlango, chini, na mabinti wawili wakajitolea kuwa wasaidizi wake: mmoja magongo, mmoja mkono. Mwingine alikuwa kiziwi, na kengele kwake haina maana yoyote. Jirani yake wa kitanda alipewa kazi ya kumgusa bega mara tatu na kumwangazia tochi. Waulize wenyewe wanataka wasaidiwe vipi. Wanajua kuliko sisi.

Kufanya zoezi bila kutia hofu

Yule mama wa kikaoni alikuwa na hoja. Zoezi la kushtukiza, na mwalimu anapiga kelele "moto! moto!", linaumiza watoto. Kwa hiyo usianze na kushtukiza. Mara ya kwanza ifanyike mchana, baada ya kutangazwa mstarini, kwa kutembea. Mwambie kila mtoto atembee kutoka kitandani kwake hadi kwenye jiwe lake, akihesabu hatua na kugusa kila kitanda anachopita. Mara ya pili wafanye wakiwa wamefumba macho, wameinama, mkono ukutani, maana moshi huanza kujaa juu na hewa ya kuvuta iko karibu na sakafu. Wale wadogo hulifurahia hili kama mchezo. Mara ya tatu ndiyo usiku, bado kwa kutangazwa. Kushtukiza kuje mwishoni, mara moja kwa muhula, na matroni na mlinzi wawe wanajua.

Kengele ya dharura iwe na sauti yake. Sisi tuna rimu ya gari kwenye mwembe, inayogongwa kwa vipindi. Kwa dharura inagongwa mfululizo bila kukoma, pamoja na filimbi za skauti. Kengele ya umeme usiitegemee. Umeme ukikatika, nayo imekufa. Na kila aliyeona moto ana haki ya kuigonga, hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilitamka hili mstarini mbele ya wote, kwamba atakayegonga kwa kudhani ameona moshi na kumbe ni vumbi, hataadhibiwa. Watoto wetu wanaogopa adhabu kuliko moto, na hofu hiyo tumewapa sisi.

Andika muda wa kila zoezi. Bweni letu kubwa lilianza na dakika 6. Sasa wanatoka na kuhesabiwa kwa dakika 2 na nusu.

Moto wenyewe

Vyanzo unavijua. Mshumaa au kibatari cha kusomea chini ya shuka baada ya taa kuzimwa. Waya wa soketi moja uliogawanywa kwa simu tisa. Pasi. Hita ya maji ya ndoo. Ukitaka wasitumie mshumaa, wape pa kusomea usiku. Sisi tulifunga taa za sola kwenye madarasa mawili, yakawa wazi hadi saa sita kwa kidato cha nne, na mishumaa ikaisha bila kupekua mabegi ya mtu. Fundi umeme mwenye leseni apite mara moja kwa mwaka, na kila mlinzi, matroni na kiranja ajue mein swichi iko wapi na inashushwaje.

Mtungi wa kuzimia moto uning'inie penye njia ya kutokea, usifungiwe ofisini usije ukaibwa. Kila mwezi tazama mshale wa kipimo uko kwenye kijani, na mtungi wa poda ugeuze juu chini ili poda isigande. Kuutumia: chomoa pini, simama kama mita 2 au 3, elekeza mdomo kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, kamua, peleka huku na huku, mgongo wako ukiwa upande wa mlango. Mtungi wa kawaida wa shule huisha chini ya nusu dakika. Kwa hiyo ni wa moto mdogo, wa kapu la takataka au godoro moja lililoanza. Zaidi ya hapo toa watu, funga mlango nyuma yako ukihakikisha hamna mtu ndani, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Haina malipo. Mlinzi awe ameandikiwa maelezo ya njia ukutani karibu na simu: barabara gani, kona ipi, kanisa au msikiti gani wa jirani. Usiku wa taharuki mtu anaweza kusahau hata jina la kata yake. Waombe pia zimamoto wa wilaya waje kabla ya maafa. Wetu walikuja bure, wakafundisha walimu na viranja, na wakatuonyesha kwamba geti letu lilikuwa jembamba kwa gari lao.

Tetemeko, radi, upepo

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, nilikuwa bado mwalimu wa taaluma kwenye shule nyingine. Wanafunzi wengi walikuwa nje wanafua. Ardhi ikavuma kwanza, kama lori zito linapita chini ya miguu, ndipo ikatikisika. Kipimo kilikuwa 5.9. Mkoani kwetu watu zaidi ya 15 walikufa, na majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Pale kwetu ukuta haukumwangukia mtu. Aliyeumia ni kijana aliyevunjika mguu mlangoni, akikanyagwa na wenzake waliokuwa wanakimbia kutoka. Ingekuwa siku ya masomo, madarasa yamejaa, sijui ningeandika nini leo.

Kwa hiyo tetemeko lina sheria yake tofauti na moto, na watoto wafundishwe zote mbili wasizichanganye. Ardhi ikitikisika: inama, ingia chini ya dawati, funika kichwa na shingo, shikilia mguu wa dawati mpaka itulie. Kukimbia ni baadaye, kwa utaratibu ule ule wa mlango, jiwe na hesabu. Aliye nje abaki nje, mbali na kuta na nyaya. Hakuna kurudi ndani kuchukua godoro wala cheti kabla fundi hajakagua nyufa, kwa sababu mitikisiko midogo huendelea kuja.

Radi nayo ni ya kwetu, ukanda huu wa Ziwa. Januari 2025, Bukombe mkoani Geita, wanafunzi 7 wa sekondari waliuawa na radi wakiwa shuleni. Mtego wa radi ufungwe na fundi anayejua, nyaya zake zifike ardhini kweli, na zikaguliwe. Nimeona mtego ambao waya wake wa shaba uliibwa miaka mingi nyuma na juu umebaki mkuki tu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na michezo inasimama hapo hapo, hata kama ni fainali. Watoto waingie ndani, wakae mbali na madirisha, mabomba na nyaya, pasiwe na mtu chini ya mwembe. Watulie hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya imani zetu: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, wala kumgusa hakukuhamishii kitu. Ukimkuta hapumui, weka kiganja katikati ya kifua, juu yake kiganja cha pili, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike au apumue. Mabishano ya nani kaituma radi yasubiri. Mtoto hana muda huo.

Upepo ni wa kukagua paa kabla ya mvua za vuli: bati zilizolegea, kenchi zilizoliwa na mchwa, kenchi zisizofungwa kwenye linta. Paa zinazoezuliwa shuleni huanza na bati moja lililokuwa likipiga kelele wiki nzima. Mafuriko kwetu kilimani si tatizo kubwa, ila kama watoto wako huvuka mto au korongo, mwalimu mkuu uwe na mamlaka ya kuwazuia shuleni mpaka maji yapungue, na wazazi wajue hivyo mapema. Na dereva wa gari la shule asijaribu maji yanayokatiza barabara. Arusha, Aprili 2024, gari la shule lilisombwa namna hiyo na watoto wakafa.

Kabrasha moja

Mambo haya yote yako kwenye kabrasha jekundu, kurasa 9. Ramani ya shule iliyochorwa kwa mkono na mwanafunzi wa jiografia. Namba za simu: zimamoto, zahanati, mtendaji wa kijiji, Afisa Elimu Kata, bodaboda wawili wanaokaa jirani, mwenye gari kubwa pale senta. Namba za wazazi, mbili kwa kila mtoto, zikihakikiwa kila muhula unapofunguliwa. Nani anapiga simu, nani anahesabu, nani anasimama getini kuwapokea wazazi, na nani peke yake anazungumza na waandishi. Majina yameandikwa kwa cheo, na kila cheo kina msaidizi, maana mwenye zamu anaweza kuwa kliniki na mtoto siku hiyo. Nakala moja iko ofisini, moja getini, moja kwa mtendaji wa kijiji, ambaye naye huhudhuria zoezi letu pamoja na kamati yake ya maafa. Majirani walikuja na ndoo mara ya kwanza wakidhani ni moto kweli. Sasa wanajua wasimame wapi.

Mwaka jana nilihamishwa. Kwenye makabidhiano kuna orodha ndefu: viti, vitabu, salio la benki, ng'ombe wawili wa shule. Kabrasha jekundu nililiweka juu ya vyote. Kisha jioni, baada ya rokoo, nilimchukua mkuu mpya, dada mmoja mpole kutoka Muleba, tukazima taa za bweni, nikamwambia asimame kwenye kitanda cha mwisho cha ndani na atoke kwa mlango wa nyuma bila tochi. Nilimsubiri nje. Nilisikia mkono wake ukigusa vitanda kimoja kimoja, kisha komeo likisukumwa, na mlango ukafunguka kuja upande wangu.